Masinde Wawili wa Kimilili

Jumanne tarehe 10 Februari 1948, umati ulifika mbele ya kituo cha polisi cha Malakisi, chini ya Mlima Elgon, magharibi mwa Kenya, si mbali na mpaka wa Uganda. Wengi walikuwa Wabukusu, wafuasi wa Dini ya Msambwa. Bunduki zilikuwa upande wa kituo. Upande wa umati hapakuwa na hata moja. Serikali ya kikoloni iliandika baadaye kwamba watu walikataa kutawanyika na kwamba kituo kilikuwa hatarini. Simulizi za Wabukusu husema watu walikuja kudai, wakajibiwa kwa risasi. Watu 11 walikufa siku hiyo, na wengine wakabebwa na majeraha.

Historia ya nchi hii kati ya Bungoma na Kitale husimuliwa sana kama historia ya vita: nani alimfukuza nani, nani alichukua ng'ombe wa nani, mpaka ulipita wapi. Nataka kuisimulia kwa kuwafuata watu waliosimama mbele ya nguvu bila silaha, tangu Malakisi hadi siku zetu. Nimekuja kuamini kwamba wao ndio waliotuachia kumbukumbu ambayo Mbukusu, Msabaot, Mteso na Mkikuyu wa Kitale wanaweza kuketi wakaikumbuka pamoja, bila mmoja wao kuinamisha uso. Wawili kati yao walizaliwa Kimilili, na wote wawili waliitwa Masinde.

Lakini kwanza Chetambe.

Kilima cha Chetambe kiko juu ya mji wa Webuye. Ukisimama pale unauona mto Nzoia ukishuka kwenye maporomoko ya Nabuyole, unaona miwa na mahindi hadi macho yachoke, na siku isiyo na mawingu unauona Elgon upande wa kaskazini magharibi, mlima ambao wenyewe huuita Masaba. Mwaka 1895 palikuwa na lukoba pale juu, ngome ya Wabukusu yenye ukuta wa udongo na handaki. C. W. Hobley, aliyewakilisha Waingereza kutoka Mumias, alikuwa amedai bunduki ambazo askari watoro waliwauzia Wabukusu. Wabukusu wakakataa kuzitoa, na kikosi cha kwanza kilichotumwa kuzidai kikaangamizwa. Hobley akarudi na jeshi kubwa: askari wa Kisudani, Waganda, na washirika wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga. Ngome ya Lumboka ikaanguka, kisha Chetambe. Waliouawa walikuwa wengi, na ng'ombe wakaswagwa kwa mamia.

Watu wa Chetambe walilinda nyumba zao na sina neno la kuwapunguzia ushujaa. Ila baada yao ulikuja ukimya wa karibu miaka hamsini. Kodi ya nyumba ikaja. Kipande kikaja, kile cheti alichotakiwa kutembea nacho kila mwanamume Mwafrika, akikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati kama mbuzi mwenye kengele. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi, wengi wao askari wastaafu wa Kiingereza, pamoja na Makaburu waliotoka Afrika Kusini. Wasabaot waliokuwa wakichunga katika nyanda zile walisukumwa juu mlimani, na Wabukusu wakaingia mashambani kama maskwota, wakilima mahindi ya mtu mwingine kwenye udongo ambao babu zao waliuita wao. Reli ilifika Kitale mwaka 1926 kuyabeba mahindi hayo. Aliyekuwa na hasira aliimeza, kwa sababu kila mtoto wa Bungoma alijua Chetambe kulitokea nini.

Ukimya huo ulivunjwa na mchezaji mpira.

Elijah Masinde alizaliwa Maeni, Kimilili, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Alikuwa hodari wa kandanda kiasi cha kuichezea Kenya katika Kombe la Gossage dhidi ya Uganda. Alifanya kazi katika baraza la hukumu la wenyeji pale Kimilili, akiwapelekea watu hati za kuitwa shaurini, kwa hiyo aliona kwa macho yake sheria ya mkoloni inavyomfikia mtu mlangoni. Na aliwahi kuwa muumini wa kanisa la Friends, wale wanaoitwa pia Wakweka, ambao wamisionari wao Wamarekani walifika Kaimosi mwaka 1902 na baadaye wakafungua misheni ya Lugulu, ndani ya Bungoma. Hilo la mwisho watu hulipita haraka, nami naona linastahili kusimamiwa kidogo. Friends ni kanisa ambalo tangu karne ya kumi na saba, huko Uingereza, limeshikilia kwamba mfuasi wa Kristo habebi silaha kwa ajili ya mfalme wala kwa ajili ya kumpindua mfalme. Elijah alioa mke wa pili, akatengwa na kanisa, akaenda zake. Hakuondoka na mafundisho ya Friends. Alirudi kwa Wele, Mungu wa Wabukusu, na kwa misambwa, mizimu ya wahenga. Lakini kijana aliyekuwa amekaa kwenye mabenchi yale alikuwa amesikia kwamba mtu anaweza kuikatalia serikali kwa sababu ya imani tu, na asiwe mwendawazimu.

Serikali iliamua kwamba ni mwendawazimu. Kuanzia miaka ya 1943 na 1944 Elijah alihubiri kwamba Wazungu waondoke, ardhi irudi, na Mwafrika amwabudu Mungu kwa njia yake. Mahubiri hayo ndiyo yaliyokuwa Dini ya Msambwa. Watu wakaanza kukataa amri za kazi za lazima. Mwaka 1945 alikamatwa na kupelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Nairobi, akakaa huko hadi 1947. Alipotoka, alifanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote aliyoyafanya. Septemba ya mwaka huo aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe, kwa maombi na sadaka, kuwakumbuka waliouawa pale mwaka 1895.

Ilikuwa imepita miaka 52. Waliokuwa watoto ndani ya lukoba walikuwa sasa wazee wenye mvi, na vijana waliopanda kilima pamoja nao walikuwa wamekua wakisikia habari za mahali pale kwa minong'ono. Hakuna aliyepigwa siku hiyo. Hakuna shamba lililochomwa. Watu walipanda kilima, wakawaombea wafu wao, wakashuka. Na hapo ndipo maofisa wa serikali walipoanza kuogopa kwa dhati. Unaweza kumpokonya mtu mkuki. Utampokonya nini mtu aliyekwenda kulilia babu yake?

Sitaki kuipamba Dini ya Msambwa. Wapo wafuasi walioshtakiwa kwa kuchoma majengo ya misheni na shule, na Elijah mwenyewe alikuwa mtu wa ghadhabu, mwenye ulimi uliochoma. Hakuwa Gandhi. Hata hivyo tazama yaliyotokea Malakisi, kisha uyaweke kando ya yale yaliyotokea miaka miwili baadaye, tarehe 24 Aprili 1950, huko Kolloa upande wa Baringo. Wapokot walioifuata Dini ya Msambwa chini ya Lukas Pkiech walikutana na kikosi cha serikali, nao walikuwa na mikuki. Pkiech akafa na wafuasi wake, jumla kama 29, na upande wa pili wakafa maofisa watatu Wazungu na askari mmoja Mwafrika. Baada ya Kolloa serikali ilikuwa na maiti zake za kuonyesha. Iliwanyonga watu, ikawatoza Wapokot faini ya ng'ombe kwa maelfu, na huko Uingereza waliosoma habari ile walisoma habari za washenzi waliowaua vijana wa Kiingereza. Baada ya Malakisi serikali haikuwa na maiti hata moja ya upande wake. Ilibaki na 11 za upande mwingine, na kila ilipoeleza ilizidi kueleza.

Serikali ilipiga marufuku dini hiyo, ikamkamata Elijah, ikampeleka Lamu, kisha Marsabit. Alirudi nyumbani mwaka 1961, baada ya miaka kumi na mitatu. Serikali za Waafrika nazo zilimwona mzigo. Dini yake ilipigwa marufuku tena mwaka 1968 na yeye akaingia na kutoka jela hadi uzee. Alifariki mwaka 1987.

Masinde wa pili alikuwa mbali wakati mengi ya hayo yakitokea. Henry Pius Masinde Muliro alizaliwa Matili, Kimilili, mwaka 1922, akalelewa katika kanisa Katoliki. Mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya Malakisi, alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Chama cha Makaburu kilikuwa kimeshika serikali mwaka uliotangulia, na sheria za ubaguzi zilikuwa zinapitishwa moja baada ya nyingine.

Afrika Kusini ndiko ambako, tarehe 11 Septemba 1906, katika ukumbi wa Empire mjini Johannesburg, Wahindi walikula kiapo mbele ya Mungu kwamba hawatajiandikisha chini ya sheria mpya ya vyeti, na kwamba watakubali jela kuliko kuvichukua. Mohandas Gandhi, wakili wa miaka 36, alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1908 walivikusanya vyeti vyao wakavichoma moto hadharani. Mtu wa Kimilili hahitaji mkalimani kuielewa habari hiyo, maana cheti kile na kipande ni ndugu. Na Muliro alikuwa bado Cape Town mwaka 1952, pale African National Congress na Wahindi wa nchi ile walipoanzisha kampeni ya kuvunja sheria za ubaguzi kwa makusudi, wakiingia kwenye milango iliyoandikwa kwamba ni ya Wazungu na kungoja kukamatwa. Zaidi ya watu 8,000 walikwenda jela. Sitambebesha Muliro maneno ya wakati ule. Najua tu kwamba kijana wa Bungoma, ambaye nyumbani kwao watu walikuwa wametoka kuzikwa, aliishi katika nchi ambayo maelfu walikuwa wanaijaza jela kwa hiari, akaona.

Alirudi Kenya mwaka 1954, hali ya hatari ikiwa imetangazwa na kambi za kizuizini zimejaa. Akawa mwalimu. Machi 1957 Waafrika waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, na Muliro akachaguliwa kutoka Nyanza Kaskazini. Walikuwa wanane: Mboya, Odinga, Ngala, Moi, Oguda, Mate, Muimi na yeye. Waingereza waliwawekea viti vya uwaziri mezani. Wanane wale wakakataa hata kuvigusa, wakasema katiba ile haina uhalali mpaka Waafrika waongezewe wajumbe. Mwaka 1958 wakaongezwa sita. Jambo hilo halisimuliwi kwa ngoma, kwa kuwa halikumwaga damu ya mtu, lakini serikali ya himaya ilikuwa imeshindwa kuendelea kwa sababu watu wanane hawakukubali kukaa kwenye viti vyake.

Miaka ya uhuru nitaipita upesi. Muliro alikuwa makamu wa Ngala katika chama cha KADU. Alizozana na wenzake wa chama hichohicho kuhusu Kitale iwe upande gani wa mpaka wa majimbo, akashindwa, Trans Nzoia ikabaki Bonde la Ufa na Bungoma ikabaki Magharibi. Yeye mwenyewe akahamia Trans Nzoia, akawa mkulima na mbunge wa huko, na katika miaka ile wananchi walikuwa wanajikusanya kwa vyama vya ushirika na kampuni za kununua mashamba ya walowezi waliokuwa wanaondoka. Mjukuu wa skwota akapata hati. Jirani yake mara nyingi alikuwa wa kabila jingine.

Nataka kukaa kwenye tarehe 11 Juni 1975.

Miezi mitatu kabla, J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini na mkosoaji mkubwa wa serikali ya Kenyatta, alitoweka, na mwili wake ukapatikana katika vilima vya Ngong. Nchi ilitetemeka. Bunge likaunda kamati ya uchunguzi chini ya Elijah Mwangale, mbunge kutoka Bungoma, na kamati ikaandika ripoti iliyowagusa wakubwa wa vyombo vya usalama. Serikali haikutaka Bunge liikubali ripoti ile. Mawaziri na wasaidizi wao walitarajiwa kupiga kura na serikali, kama ilivyo kawaida. Ndivyo kiti cha waziri kinavyolipiwa. Muliro alikuwa Waziri wa Ujenzi. Kila mtu ndani ya jumba lile alijua kwamba watu walikuwa wanakufa nchini kwa makosa madogo kuliko kura.

Kura zilipohesabiwa, walioiunga mkono ripoti walikuwa 62 na walioipinga 59. Watatu miongoni mwa wale 62 walikuwa ndani ya serikali: Masinde Muliro, na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu. Ziondoe kura hizo tatu upande mmoja uzitie upande wa pili, na hesabu inageuka: 59 kwa 62, ripoti inaanguka. Wote watatu walifukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

Kitendo kile kina umbo lilelile la Chetambe ya 1947. Mtu anakwenda mahali ambapo mwenye nguvu hataki aende. Hampigi mtu. Analolifanya ni halali kabisa: kuomba, kuinua mkono wa kura. Na bei anaijua kabla hajaondoka nyumbani. Wengi hudhani kukataa kutumia nguvu ni tabia ya watu wapole, watu wa kuinama. Muliro hakuwa wa kuinama, na Elijah Masinde bado zaidi.

Miaka kumi na sita baadaye akarudia, akiwa na umri wa miaka 69. Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria tangu 1982, kwa kifungu cha 2A cha katiba. Julai 1990, siku ya Saba Saba, mkutano wa kudai vyama vingi katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, ulikuwa umezimwa na watu wakapigwa risasi mitaani. Agosti 1991 wakajitokeza sita na kutangaza Jukwaa la Kurejesha Demokrasia, FORD: Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka na Ahmed Bamahriz. Walikuwa sita kwa hesabu ya makusudi. Sheria ilihitaji kikundi kisajiliwe kikifika watu kumi, na hawa hawakutaka kuipa serikali hata kijiti cha kuwachapia. Walitaka wakikamatwa, wakamatwe kwa sababu ya madai yao na si kwa sababu nyingine.

Tarehe 16 Novemba 1991 waliita mkutano Kamukunji. Serikali iliupiga marufuku, baadhi ya viongozi wakakamatwa kabla ya siku yenyewe, na askari wakauzingira uwanja. Muliro na Shikuku wakajitokeza hata hivyo, ndani ya gari, wakipita katika mitaa ya Nairobi huku watu wakikimbia nyuma na kuinua vidole viwili hewani, ishara ya vyama vingi. Wakafukuzwa, wakakamatwa, wakashtakiwa. Mwisho wa mwezi huo mataifa wafadhili yaliyokutana Paris yalisimamisha misaada mipya, na mapema Desemba Rais Moi aliwaambia wajumbe wa KANU, chama tawala, huko Kasarani kwamba kifungu cha 2A kitaondolewa. Wapo wanaosema fedha za Paris ndizo zilizofanya kazi. Zilichangia, ni kweli. Lakini wafadhili hao walikuwa wameitazama Kenya kwa miaka mingi bila kufumba mkoba. Wazee wale ndani ya gari ndio waliowafanya waone aibu kuendelea kutazama.

Furaha ile ilikatwa nyumbani. Oktoba 1991 mapigano yalikuwa yameanza Nandi, katika shamba la Meitei. Kufikia Desemba moto ulikuwa Endebess, Trans Nzoia, na mwanzo wa 1992 ukashuka Bungoma, pembezoni mwa Elgon. Vijana waliojipanga kwa mishale waliingia mashambani, na majirani waliokuwa wamenunua ardhi pamoja, waliozikana na kuozana, wakajikuta pande mbili. Familia zililala makanisani na masokoni. Kamati ya Bunge chini ya Kennedy Kiliku, wabunge wake wote wakiwa wa KANU yenyewe, iliripoti mwaka huo kwamba katika nchi nzima watu 779 walikuwa wameuawa na 54,000 wamefukuzwa makwao, na ikawataja wanasiasa waliohusishwa na uchochezi.

Kinachoniuma zaidi katika mapigano ya Wabukusu na Wasabaot ni kwamba simulizi za Wabukusu wenyewe husema tohara waliipata kwa majirani hao wa mlimani. Mango, aliyemuua nyoka mkubwa aliyewamaliza watu, alitahiriwa na wao, na kutokana naye desturi ikashika. Kila Agosti ya mwaka shufwa, kijana wa Kibukusu anapopiga chinyimba, kengele za tohara, mikononi na kwenda kuwaalika wajomba, anafuata njia iliyofunguliwa na Msabaot. Agosti 1992 ilikuwa Agosti ya namna hiyo. Kengele zilikuwa zinalia vijijini, na mashamba ya juu yalikuwa majivu.

Katikati ya mwezi huo, tarehe 14, Masinde Muliro alishuka kwenye ndege kutoka London, alikokwenda kuitafutia FORD msaada. Alianguka na kufa pale pale uwanja wa ndege wa Nairobi. FORD ilikuwa imeshaanza kupasuka kati ya Odinga na Kenneth Matiba, kiongozi mwingine wa upinzani, na yeye alikuwa mmoja wa wachache ambao pande zote mbili ziliweza kumsikiliza. Alizikwa shambani kwake, Trans Nzoia. Chama kiligawanyika kabla ya mwaka kuisha, na Desemba Moi akashinda uchaguzi kwa kiasi cha theluthi moja tu ya kura.

Ningependa kuandika kwamba eneo hili lilijifunza. Mwaka 2006 vijana wa Kisabaot waliingia msituni kwa jina la Sabaot Land Defence Force, SLDF, kwa sababu ya ugomvi wa mgao wa mashamba ya Chepyuk. Walikata watu masikio. Walitoza kodi vijijini kwa mtutu wa bunduki. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba waliua zaidi ya watu 600, wengi wao Wasabaot wenzao. Machi 2008, nchi ikiwa bado inavuja damu ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, jeshi likapelekwa mlimani katika Operesheni Okoa Maisha. Wanaume walizolewa kwa maelfu, wakapelekwa kambi ya Kapkota, wakapigwa. Wengine hawakuonekana tena. Wakazi wa Elgon wakawa wanaomboleza watu waliochukuliwa na pande mbili, na huwezi kumzika mtu ambaye hujui yuko wapi.

Katika miezi hiyo kulikuwa na kazi mbili zilizofanywa bila silaha. Ya kwanza ni ya Friends. Viongozi wa makanisa yao walikutana Kakamega kuanzia 24 hadi 27 Januari 2008, barabara zikiwa bado zimewekwa magogo, wakaulizana kanisa lenye historia yao linafanya nini sasa. Wakatoka na vikosi vya kuwatembelea waliofurushwa, na baadaye wakaendesha mafunzo yaliyozaliwa ndani ya gereza la Green Haven, New York, mwaka 1975, wafungwa walipowaomba Friends wa huko wawasaidie kuwafundisha vijana kuishi bila kupigana. Watu huketi kwa duara. Kila mmoja hujichagulia sifa njema na kuiunganisha na jina lake, na kwa siku tatu huitwa hivyo. Aliyechoma nyumba na aliyechomewa wanaitana kwa majina mema kabla hawajaanza kusimuliana. Mafunzo hayo yalifika hadi Mlima Elgon. Naamini Elijah, aliyetengwa na kanisa hilo, angekaa kwenye duara lile kwa ubishi mkubwa, lakini angekaa.

Kazi ya pili ilikuwa ya daftari na kalamu. Mjini Bungoma kulikuwa na shirika dogo la haki za binadamu, Western Kenya Human Rights Watch. Watu wake walipanda vijijini wakiwauliza wanawake: nani hayupo, alichukuliwa lini, na nani. Waliyaandika maovu ya SLDF, wakayaandika ya jeshi, kwa mwandiko uleule. Serikali iliyokuwa na helikopta na mizinga iliwaona hao kuwa tishio. Mkurugenzi wa shirika ilimbidi aikimbie nchi, akaingia Uganda. Sikuacha kufikiria, nilipoijua habari hiyo, juu ya maofisa wa 1947 waliokosa usingizi kwa sababu ya watu waliokwenda kilimani kuomba.

Hesabu ya waliopotea mikononi mwa pande zote mbili imetajwa kuwa zaidi ya watu 300. Kesi ilipelekwa Arusha, katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na mwaka 2012 kitengo chake cha rufaa kikasema ilifunguliwa nje ya muda. Lakini kabla ya hukumu hiyo, Mei 2011, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuwa imefika Mlima Elgon, kisha Bungoma. Wanawake walitengewa kikao chao. Walitaja majina ya waume na wana wao, wengine waliochukuliwa na vijana wa msituni, wengine na askari wenye sare za Jamhuri, na karani wa Jamhuri hiyohiyo alikuwa ameketi mezani akiyaandika.